«Ni mtoto, atasahau»

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mtoto akifiwa na rafiki, wakubwa husema: «Ni mtoto, atasahau.» Kisha humwambia kwamba rafiki yake amesafiri. Hasahau. Kabla ya miaka 5 hivi, watoto wengi hudhani aliyekufa anaweza kurudi. Kati ya miaka 5 na 7 ndipo wengi huanza kuelewa kwamba harudi tena. Huzuni yao huja kwa vipande: asubuhi mtoto analia, mchana anasukuma chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) akicheka, usiku anauliza tena. Kicheko hicho ndicho kinachowadanganya wakubwa. Na ile «safari», kwangu mimi, ni mbaya zaidi: volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, watu wengi walikimbia mji, kisha wakarudi. Basi mtoto anangoja rafiki yake naye arudi. Akikua, mara nyingi huomboleza upya, kwa akili ya umri wake mpya.