Kabati la vifaa kwa gereji ya Mombasa: anza na droo, rangi baadaye

Ukiingia hadiwea yoyote kubwa ya Barabara ya Jomo Kenyatta, kabati la vifaa lililowekwa mlangoni huwa jekundu, linang'aa, lina droo saba na magurudumu manne, na neno la kwanza la muuzaji ni idadi: "Vipande mia mbili na kitu, bosi, vyote mle ndani." Idadi hiyo ndiyo inayouza. Vihesabu mwenyewe utaona sehemu kubwa ni ncha za bisibisi, soketi za robo inchi na funguo za L ambazo gereji ya magari inaweza kumaliza mwezi bila kuzigusa. Spana ya 12 na ya 14, zile unazoshika toka asubuhi hadi magharibi kwenye Probox na HiAce, ziko moja moja, na midomo yake hupanuka mapema.

Kwa hiyo mafundi wenzangu wakiniuliza, nawaambia wanunue kabati tupu. Vifaa hununuliwa polepole kadiri kazi inavyodai. Kabati hununuliwa mara moja, likakaa miaka likibeba chuma ndani ya hewa ya bahari. Yanayomaliza makabati ya gereji hapa Mombasa ni hayo mawili, uzito na chumvi, na yote mawili unaweza kuyakagua ukiwa bado dukani.

Kabla hujatoka kwenda kununua, tandika turubai umwage kila ulicho nacho. Panga kwa aina: spana, soketi za nusu inchi, za 3/8, nyundo na tindo, plaisi, puli za kung'olea beringi, vifaa vya umeme. Kila rundo lipime uzito. Usiseme huna mizani. Wanunuzi wa skrepa wanapita na mizani ya kuning'iniza kila siku, mwombe mmoja dakika tano. Rundo la spana likichanganywa na soketi za nusu inchi, racheti na mikono yake, hupita kilo 20 bila shida, na hiyo ni droo moja tu. Halafu pima kifaa chako kirefu kuliko vyote. Toku renchi ya nusu inchi (ile ya kukaza boliti kwa nguvu iliyopimwa) na mkono wa kulegezea nati za magurudumu hufika sentimita 50 au 60, na kabati linaloitwa la inchi 27 limepimwa kwa nje. Ndani ya droo, ukitoa kuta na nafasi ya chaneli, yaani reli za pembeni ambazo droo huteleza juu yake, zinabaki kama inchi 22 au 23. Wapo wanaonunua kabati zuri kisha toku renchi, kifaa cha kutunzwa kuliko vyote, ikaishia kusimama pembeni ya ukuta.

Kina cha droo nacho kina maana yake. Droo ya sentimita 5 inatosha spana kwa mpangilio mmoja, kila moja ikionekana. Droo ya sentimita 15 ukiijaza spana, za chini hazitaonekana tena mpaka siku ya kusafisha. Kabati zuri la gereji lina droo fupi nyingi juu na ndefu mbili chini, na nikikuta lenye droo zote sawa najua aliyelichora hakuwahi kufunga injini.

Sasa bati. Hapa Kenya hakuna asiyejua geji, kwa sababu kila mtu amejenga au ameezeka: bati la geji 30 ni jepesi kuliko la 28, namba ikipanda unene unapungua. Kwa makabati ni hivyo hivyo. Geji 16 ni takriban milimita 1.6, geji 18 ni 1.2, geji 20 ni 0.9, geji 22 ni 0.7. Mimi nataka fremu ya geji 18 na droo za geji 20. Geji 22 naikubali kwenye kisanduku cha juu kinachobeba vitu vyepesi. Muuzaji asipojua geji, uzito utakujibu: mita moja ya mraba ya chuma cha unene wa milimita 1 ina kilo 7.85, basi makabati mawili ya ukubwa mmoja, lililo zito ndilo lenye chuma. Liinue upande mmoja. Ukiweza kuliinua kwa mkono mmoja bila kukunja uso, liache.

Chaneli za droo ndizo ningezitolea pesa kuliko kitu kingine chochote. Makabati ya bei nafuu hayana beringi, ni chuma kinachosugua juu ya chuma kwa grisi kidogo. Droo tupu itateleza vizuri dukani, ila ukiitia kilo 20 itaanza kulia, na baada ya muda utakuwa unaivuta kwa mguu umeegemeza kabatini. Chaneli za beringi za kawaida huandikwa kilo 45, na hapo soma vizuri: hizo ni kilo za jozi, kushoto na kulia pamoja, tena mzigo ukiwa umetawanyika sawasawa ndani ya droo. Droo pana ya chini inayobeba nyundo na puli iwe na jozi mbili, au chaneli nzito zaidi.

Vuta droo mpaka mwisho. Itoke yote, kwa sababu ikitoka robo tatu, robo ya nyuma itakuwa kaburi la soketi. Ikiwa nje, iegemee kwa kiganja na uisukume kushoto na kulia. Ikicheza sana ikiwa mpya na tupu, ikishiba itakuwaje? Kisha ivute droo ya juu na ya kati kwa pamoja. Makabati mengine yana kizuizi kinachokubali droo moja tu ifunguke, na vijana huwa wanakilaani, lakini kabati lililoshiba likifunguliwa droo tatu za juu kwa mpigo linaweza kuinama mbele likamwangukia mtu. Kama halina kizuizi, vizito vikae chini, na hilo walifahamu wote wanaolifungua.

Magurudumu yanategemea sakafu yako. Kwenye sementi iliyolainishwa, karibu kila gurudumu litazunguka. Gereji zetu nyingi Kisauni na Mtwapa ziko juu ya mchanga au changarawe, na huko gurudumu la sentimita 7 linazama tu, kwa hiyo usilipie magurudumu utakayoyaondoa. Liweke juu ya jukwaa la zege au chuma na uchukue troli ndogo ya kubeba vifaa vya kazi ya siku. Mwenye sementi atafute gurudumu la milimita 125, mawili yanayogeuka na yenye breki, mawili yasiyogeuka. Hesabu ya uzito wa gurudumu hugawanywa kwa matatu hata kama yako manne, kwa sababu sakafu isiyo sawa huacha gurudumu moja hewani. Kabati la kilo 80 lenye vifaa vya kilo 160 ni kilo 240, kwa hiyo kila gurudumu liwe linabeba kilo 80 na zaidi.

Anayefuata matatu zilizokwama Mazeras, au anayevuka feri ya Likoni kwenda kufungua boksi la gia nyumbani kwa mtu, shida yake ni nyingine. Huyo achukue sanduku la chuma la trei tano linalofunguka kwa ngazi, au la plastiki nzito. Plastiki haishiki kutu, ila jua la nyuma ya pikapu huifanya ikauke na kupasuka, basi lifunike.

Nije kwenye chumvi. Watu hudhani kutu inaletwa na mvua. Chumvi ya bahari, ambayo kwa sehemu kubwa ni ile ile ya jikoni, ikishatua juu ya chuma huanza kuvuta maji hewani na kuyeyuka unyevu unapofika kama asilimia 75. Asubuhi za Mombasa hupita kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka, iwe kaskazi au kusi. Maana yake chuma chako kinaweza kuwa kimelowa maji ya chumvi bila tone la mvua kuanguka, na kwa sababu hiyo kabati linalokaa miaka mingi bila doa Nakuru, hapa linaweza kuonyesha kutu kwenye bawaba kabla ya mwaka kuisha.

Rangi ya unga inayookwa ni ngumu na nzuri, na katikati ya mlango mara nyingi haitakusumbua. Kutu inaanzia pengine: kwenye kingo zilizokatwa, matundu ya skrubu, mikunjo, na pale bati mbili zilipobanwa pamoja kwa vidoa vya kuchomelea, ambapo rangi haikuingia kati. Kwa hiyo unapokagua, achana na uso wa mbele. Toa droo moja nzima, ingiza mkono, pitisha kidole ndani ya fremu. Inama uangalie sakafu ya kabati kwa chini, mahali ambapo watengenezaji wengi hubania rangi wakijua mnunuzi hainami. Ukiona chuma kitupu, nunua kopo dogo la praima ya zinki, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo uzibe kabla hujaingiza spana hata moja.

Utaambiwa kuhusu chuma kisichoshika kutu. Kile cha daraja la 304, kinachouzwa zaidi, nacho hupata madoa ya kahawia karibu na bahari. Daraja la 316, lenye molibdenamu asilimia 2 hadi 3, linastahimili vizuri zaidi, na bei yake inalingana na sifa hiyo. Kwa gereji ya magari, tofauti hiyo ya bei ningeitia kwenye chaneli.

Madhara mengine tunayaleta wenyewe. Juu ya kabati ndipo kila mtu anapoweka kopo la mafuta ya breki, na mafuta ya breki hubandua rangi. Tone moja lililoachwa usiku kucha linatosha. Chaja ya betri ikikaa jirani, mvuke wa asidi utakula vifaa na chaneli kwa pamoja. Na kuna hii desturi ya kupaka spana oili chafu ili zisishike kutu. Oili iliyotoka kwenye injini ina asidi, maji na masizi ya mwako, mbali na kwamba si nzuri kwa ngozi ya mikono. Kitambaa chenye oili safi kidogo kinafanya kazi hiyo vizuri, na chaneli zipewe oili nyepesi badala ya grisi nzito, kwa kuwa grisi ikishika vumbi la changarawe inageuka msasa.

Ndani ya droo tandika mkeka wa mpira wenye mifereji. Katoni na gazeti vinanyonya unyevu, na sponji ni mbaya zaidi: inahifadhi maji ya chumvi chini ya spana, upande usiouona. Kabati lisigusane na ukuta, na liinuke kutoka sakafuni. Mei ndio mwezi wetu wenye mvua nyingi zaidi, na gereji zilizo bondeni zinajua maji yanafika wapi.

Vipi kuhusu kutengenezewa na mafundi wa kuchomelea wa jua kali? Naipenda njia hii kuliko wengi wanavyodhani. Unapata geji 16 kama unaitaka, vipimo vyako mwenyewe, na mtu wa kumrudishia kazi. Udhaifu wake ni droo: fundi wa mageti na madirisha hajazoea ufinyu wa milimita moja, na droo ikikaa upande haitateleza kamwe. Nunua chaneli mwenyewe katika maduka ya vifaa vya makabati ya jikoni, mpelekee kabla hajakata bati, ili apime droo kwa chaneli na asilazimishe chaneli kwa droo. Sisitiza praima ya zinki ipakwe ndani ya maungio kabla hayajafunikwa. Akikuambia "itapakwa mwisho, fundi", jua ndani haitapakwa.

Kuhusu mpangilio nitasema moja tu, kwa kuwa linaamua idadi ya droo utakazohitaji. Magari yetu mengi ni ya Japani, na boliti ya milimita 8 ya Kijapani huwa na kichwa cha 12, ya milimita 10 kichwa cha 14, ya milimita 12 kichwa cha 17. Magari ya Ulaya kwa boliti hizo hizo hutumia 13, kisha 16 au 17, kisha 18 au 19. Spana ya 13 juu ya kichwa cha 12 inaingia vizuri sana, inazunguka, na kichwa kinaliwa. Zipe saizi za Ulaya reli au droo yake, usizichanganye. Asiyeshika gari la Kijerumani hata moja hahitaji droo hiyo leo, ila aache nafasi.

Kufuli za makabati ya dukani ni hafifu. Funguo zake huwa na namba, na funguo za namba moja hufungua makabati mengi ya kampuni hiyo hiyo. Kama vifaa vyako vina tabia ya kutembea usiku, weka upau wa chuma unaopita mbele ya droo zote, na kufuli la mwili wa shaba ya manjano, maana la chuma litagoma kufunguka kwa kutu.

Siku ya kulipa, usikubali kupewa katoni iliyofungwa huku umekagua lile la maonyesho. Ifunguliwe palepale. Angalia pembe za katoni: iliyopigwa kona mara nyingi ndani yake fremu imepinda, na utaijua kwa droo ya chini, haitafunga mpaka uisukume kwa goti.