Ukisoma barua za masetla, anza na hela

Watu wakisikia kazi yangu ni kusoma barua za masetla wa Kenya wanadhani nashinda na habari za simba na milima, na kweli zimo, ila mimi nikishika barua ya mzungu wa shambani kwenda kwao Ulaya kitu cha kwanza natafuta ni pesa. Nani anaombwa, kiasi gani, ya kulipia nini. Mambo ya "nawakosa sana" nasoma baadaye.

Chukua Karen Blixen, mwandishi Mdenmark aliyekuwa na shamba la kahawa Ngong karibu na Nairobi, manake wengi mnamjua, hata mtaa wa Karen upo. Alitua Mombasa Januari 1914 akafunga ndoa hapo na Bror, na akakaa nchini mpaka 1931. Miaka yote hiyo anamwandikia mama yake Denmark, anamwandikia mdogo wake Thomas, na wale anaowaandikia ndio hao hao wenye hisa kwenye kampuni ya kahawa inayomiliki shamba, mwenyekiti wake ni mjomba wake Aage Westenholz. Sasa fikiria unamwandikia mama kumbe unaandikia pia waliokukopesha! Ndo maana kila barua inayosifu mvua mimi naisoma mara mbili.

Na kahawa yenyewe haina haraka. Miche ukipanda leo unangoja miaka mitatu minne ndo uvune cha maana, wakati huo wote palizi inaendelea, vibarua wanalipwa, ng'ombe wa kukokota mikokoteni wanakufa kwa magonjwa. Shamba lilikuwa kama ekari 6,000, zenye kahawa 600 hivi, tena kule juu kwenye baridi ambako kahawa haipendi, sio kama Thika au Kiambu chini. 1923 kiwanda cha kahawa cha shambani kikaungua. Halafu posta: barua inapanda treni mpaka Mombasa, inapanda meli, wiki kadhaa ndo ifike, jibu nalo hivyo hivyo, kwa hiyo ukiomba hela ya palizi leo inaweza kukufikia magugu yameshakomaa. Ndege za Imperial Airways zimeanza kuleta barua Afrika Mashariki 1931, mwaka ule ule shamba linauzwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia masetla walijenga mashamba kwa jasho lao naomba aangalie hizi barua kwanza. Pesa ilitoka kwa familia Ulaya na kazi ikatoka kwa familia za Wakikuyu waliokaa hapo kama maskwota, ambao kwenye shamba hili walidaiwa siku 180 za kazi kwa mwaka ndo waruhusiwe kulima na kufuga, kwenye ardhi ambayo wengine wao ni ya babu zao kabisa. Hiyo inaniuma kila nikisoma. Na kulima kahawa wenyewe Waafrika walizuiwa mpaka miaka ya 1930.

Sasa hao maskwota barua zao ziko wapi? Karatasi waliyotembea nayo wanaume ilikuwa kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha serikali ya kikoloni, kilichoanza kutumika 1919-1920, kinakaa kwenye kikasha cha chuma shingoni, na anayeandika ndani ni mwajiri: umeanza lini, unalipwa ngapi, umeachiliwa lini. Asiposaini ukaondoka wewe ni mtoro, unakamatwa. Yaani maisha ya mtu yameandikwa kwa mkono wa anayemdai kazi, na mwanamke aliyechuma kahawa hata hicho hana.

Ila kuna mahali wanasikika, na hapa ndipo nawaomba wanafunzi wangu wakae sana. Tume ya Ardhi ya Carter, ya serikali ya kikoloni kusikiliza madai ya ardhi, iliundwa 1932, na ushahidi wake ulichapishwa 1934 kwenye majuzuu matatu, mna mbari (koo) za Wakikuyu zikieleza babu gani alinunua ardhi kwa nani, kwa mbuzi wangapi, mpaka uko mto upi. Hizo nazo ni nyaraka za familia jamani, zina watoto, madeni, ugomvi wa ndugu, kila kitu.

Shamba la Ngong lilipouzwa maskwota walitaka wahamishwe pamoja wasitawanywe, Blixen akazunguka maofisi mpaka wakapewa sehemu kwenye hifadhi ya Dagoretti, na hilo namheshimu nalo. Lakini sababu ya wao kung'ang'ania kukaa pamoja, mng'ang'ano wa mbari na ardhi yake, mimi nimeielewa kwenye ule ushahidi wa tume.