Mchezo wa mazimwi wa shabiki: amua mipaka yake kabla hujachora zimwi la kwanza

Maswali tunayopokea kutoka kwa vijana wanaotengeneza gemu hapa Nairobi yameongezeka, na mengi yanafanana. Kijana amependa Pokémon, gemu ya Kijapani ya kukamata mazimwi na kuyapiganisha, tangu utotoni, amejifunza kuandika programu, na sasa anataka kutoa toleo lake. Anauliza aweke mazimwi mangapi. Kabla ya idadi, ajiulize ni mangapi kati ya hayo atakayoyabuni mwenyewe.

Mwaka 2016 mashabiki walitoa Pokémon Uranium, mchezo walioutengeneza kwa takriban miaka tisa, wenye mazimwi zaidi ya 150, mengi yao mapya kabisa. Ulipakuliwa zaidi ya mara milioni moja. Ndani ya siku chache waliuondoa wenyewe, baada ya arifa za mawakili wa Nintendo, kampuni inayotoa michezo ya Pokémon. Na haukuwa unauzwa. Hili tumelieleza mara nyingi na bado tunaulizwa: kutoa kitu bure si kinga. Kuandika mwanzoni kwamba “haki zote ni za wenyewe” pia si kinga. Ile “asilimia 30” ambayo watu hudai ukibadilisha unakuwa salama haimo katika Sheria ya Hakimiliki. Sijui nani aliianzisha, ila iachwe.

Sheria hiyo, ya mwaka 2001, inampa mwenye kazi mamlaka ya kudhibiti kunakili, kutohoa na kusambaza. Wazo halilindwi na hakimiliki. Kukamata viumbe, kuvipiganisha na kuvilea hadi vibadilike umbo ni mawazo. Ndiyo maana gemu nyingine za aina hiyo, kama Temtem, Coromon na Cassette Beasts, zinauzwa zikiwa na viumbe vyake. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ni suala jingine: Septemba 2024 Nintendo na Pokémon Company ziliishtaki Pocketpair, waundaji wa gemu ya Palworld, mjini Tokyo kwa madai ya hataza, si hakimiliki.

Sasa ukubwa. Mchezo wa kwanza wa Pokémon, wa 1996, ulikuwa na mazimwi 151, mapigo 165 na jamii 15 kama moto, maji na umeme. Jamii 15 zinazaa mahusiano 225 ya nani anamlemea nani, na kila moja linahitaji kujaribiwa. Ukiwa na jamii tano, ni 25 tu. Kila zimwi nalo linadai picha ya mbele, picha ya mgongoni, mlio, jina, viwango vya nguvu na orodha ya mapigo. Timu ya watu wawili ikianza na mazimwi 20 na eneo moja la mji, ina nafasi ya kumaliza. Mji wetu una mengi: wale marabu, ndege wakubwa wenye vichwa vya upara, wanaojipanga juu ya miti karibu na Uwanja wa Nyayo wangekuwa zimwi la kutisha bila kuazima mstari wa mtu. Lakini ukitaka kuchukua viumbe vya ngano za jamii fulani, kuna Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi ya mwaka 2016, inayotaka ridhaa ya jamii husika.

Ukishapakia kazi yenye vitu vya wengine, utaratibu ni huu. Mlalamikaji humwandikia mtoa huduma za intaneti ilani yenye sahihi, jina kamili na anwani yake, akieleza kazi inayolindwa na maudhui anayotaka yaondolewe, pamoja na hati ya kiapo. Nakala huenda kwa Bodi ya Hakimiliki, Mamlaka ya Mawasiliano na chama cha watoa huduma. Mtoa huduma hukupa nakala, na asipopokea ilani ya pingamizi kutoka kwako hufunga maudhui ndani ya saa 48 za kazi. Tafadhali usijaze pingamizi kwa hasira. Pingamizi la uongo ni kosa lenye faini hadi Sh500,000, kifungo hadi miaka mitano, au vyote viwili. Ilani ya uongo nayo ina adhabu hiyo hiyo.

Kufanya mazoezi kwa mazimwi ya wengine kwenye kompyuta yako, pasipo kuyasambaza, ni matumizi binafsi na hatuna neno. Ukifika wakati wa kutoa mchezo, ondoa kila picha, jina na mlio usio wako, hata wa majaribio. Hakimiliki yako inaanza pale unapoiweka kazi katika umbo la kudumu. Kuisajili kwa Bodi si lazima, ila cheti husaidia sana ukibishaniwa. Hifadhi michoro ya awali yenye tarehe, na kama mko wawili, andikianeni mapema nani anamiliki nini.