Vigezo vya mazingira, jamii na utawala katika ununuzi: saini pekee haitoshi

Malalamiko tunayopokea yanafanana. Muuzaji amejaza dodoso refu, ameambatisha vyeti, amesaini kanuni za maadili, kisha zabuni imekwenda kwa mwenye bei ndogo. Mnunuzi naye anashangaa mkaguzi anapokataa faili lake lililojaa saini. Tunaamini pande zote mbili zina nia njema. Kinachowaangusha ni hesabu ya alama na maneno ya mkataba.

Chukua zabuni iliyotenga alama 70 kwa bei na 5 kwa vigezo hivi, ubora wa wazabuni ukiwa sawa. Mzabuni wa kwanza amefikia asilimia 90 ya vigezo, wa pili asilimia 40. Tofauti yao ni alama 2.5. Mwenye bei ndogo hupata alama zote za bei, na mwingine hupunguziwa kwa uwiano. Bei ya wa kwanza ikizidi ya wa pili kwa asilimia 4 tu, anapoteza alama 2.7 (70 gawanya kwa 1.04 ni 67.3), na zabuni inamponyoka. Tenga alama 20 kwa vigezo na 60 kwa bei, tofauti ileile inakuwa alama 10. Hapo bei yake italazimika kuzidi kwa asilimia 20 ndipo mwenzake amfikie. Uzito huo utangazwe ndani ya nyaraka za zabuni. Tunaulizwa kama unaweza kubadilishwa baadaye. Kamati ya tathmini haina ruhusa ya kuugusa baada ya bahasha kufunguliwa, hata kwa sababu nzuri kiasi gani, na tunaomba swali hili lisiletwe tena.

Ajira ya watoto, kazi ya shuruti na rushwa havipewi alama kabisa. Ni masharti ya kupita au kuondolewa, kwa kuwa alama humwezesha mzabuni kufidia uovu kwa bei nafuu. Umri wa chini wa kuajiriwa usiandikwe kwa kukisia: Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unataja miaka 15 kama kima cha jumla na 18 kwa kazi za hatari, na sheria ya nchi ikidai zaidi, ndiyo inayofuatwa.

Kuhusu vyeti, ISO 20400 ya mwaka 2017 ni mwongozo wa ununuzi endelevu na haitolewi cheti. Anayekuletea cheti chake, muulize amekipata wapi. Cheti cha ISO 14001, cha mfumo wa kusimamia mazingira, kipo, hudumu miaka 3, na mwenye nacho hukaguliwa kila mwaka ndani ya kipindi hicho. Usome mstari wa wigo, unaotaja maeneo na kazi ambazo cheti kinahusu, kabla ya nembo. Huenda kimetolewa kwa makao makuu na ghala, ilhali vitambaa vinatiwa rangi kwenye kiwanda kingine kisichotajwa. Linganisha anwani ya kwenye cheti na ile ya kwenye hati ya kusafirishia mzigo. Kisha omba majibu ya maabara ya majitaka, maana cheti kinathibitisha kuwepo kwa mfumo tu. Jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh lilipoporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100, baadhi ya viwanda vilivyokuwamo vilikuwa vimeshakaguliwa masuala ya kazi. Ukaguzi ule haukugusa uimara wa jengo.

Kwa upande wa wafanyakazi, omba karatasi tatu za mwezi mmoja: mahudhurio, malipo na uzalishaji. Mahudhurio yasiyo na hata saa moja ya ziada, yote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, huku daftari la uzalishaji likionyesha mashine zilishona Jumapili, yameandikwa kwa ajili ya mkaguzi.

Adhabu zipo, na wauzaji wadogo wanakosea wanapodhani haziwahusu. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2021 kuhusu minyororo ya ugavi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iliweka faini ya hadi asilimia 2 ya mauzo ya mwaka kwa kampuni ambazo wastani wa mauzo yao unazidi euro milioni 400, pamoja na uwezekano wa kuzuiwa kwenye zabuni za umma kwa hadi miaka 3. Mnunuzi anayeogopa faini hiyo humbebesha muuzaji masharti hayohayo kupitia mkataba.

Ndani ya mkataba, andika haki ya kukagua bila taarifa, marufuku ya kumpa mkandarasi mwingine kazi bila idhini ya maandishi, na utaratibu wa marekebisho: notisi ya kasoro, mpango wenye tarehe na jina la mhusika, ukaguzi wa marudio, kisha kusitisha oda mpya. Kuvunja mkataba huja mwisho, isipokuwa maisha ya watu yako hatarini. Ukimwacha muuzaji ghafla, wanaokosa mshahara ni walewale uliotaka kuwalinda.

Mnunuzi naye ajikague. Oda inayobadilishwa wiki moja kabla ya kupakiwa huzaa kazi za usiku na wakandarasi wa kificho. Ankara ya siku 30 inayolipwa siku ya 90 huchelewesha mishahara kiwandani, na hakuna dodoso litakalolionyesha hilo. Kabla ya kumpelekea muuzaji maswali, kitengo cha ununuzi kichapishe orodha ya ankara zake za miezi 12 iliyopita, zikiwa na tarehe ya kupokelewa na ya kulipwa, na kuiweka kwenye faili hilohilo.