Fedha za Shule za Umma Kentucky: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Tarehe 5 Novemba 2024, wapiga kura wa jimbo la Kentucky, Marekani, walikataa Marekebisho ya Pili ya katiba yao, ambayo yangeliruhusu Bunge la jimbo kupeleka fedha za kodi katika shule zisizo za umma. Hoja zilizotumika kuyatetea hazikufa siku hiyo, na familia nyingi za Wakongomani wanaozungumza Kiswahili mjini Louisville, ambazo watoto wao wanasoma katika shule za umma za jimbo hilo, zina sababu ya kuzipima.

Dhana: Shule hulipiwa na Washington. Kwa kawaida serikali kuu ya Marekani huchangia takriban sehemu moja ya kumi tu ya gharama za shule za umma. Zinazobaki hutoka katika hazina ya jimbo na kodi za maeneo, hasa kodi ya majengo, na ndiyo maana muswada mmoja mjini Frankfort, makao makuu ya jimbo, unaweza kuiumiza shule kuliko hotuba kumi za rais.

Dhana: Fedha humfuata mtoto anayehamia shule binafsi, kwa hiyo shule haipungukiwi na kitu. Hii ndiyo hoja tamu kuliko zote, na ndiyo inayohitaji kuchunguzwa kwa makini zaidi. Wanafunzi sita wakihama kutoka madarasa sita tofauti, kila darasa bado linahitaji mwalimu wake, basi la shule bado linapita njia ile ile asubuhi, na paa linalovuja halivuji kidogo kwa kuwa watoto wamepungua. Kinachoondoka ni fedha. Gharama nyingi hubaki palepale. Isitoshe, vocha, yaani fedha za umma za kulipia karo ya shule binafsi, humnufaisha pia mzazi ambaye tangu mwanzo alikuwa akimlipia mwanawe karo ya shule binafsi. Jimbo la Arizona lilipoufungua mpango wake wa namna hiyo kwa wanafunzi wote mwaka 2022, takriban robo tatu ya waombaji wa mwanzo hawakuwa wakitoka shule za umma. Hapo hakuna mtoto aliyefuatwa na fedha. Ni mzigo mpya kwa hazina. Na katika kaunti za vijijini zisizo na shule binafsi hata moja, mtu anauliza kwa haki: uhuru wa kuchagua baina ya nini na nini?

Dhana: Zikitoka kwa wafadhili, si fedha za umma. Sheria ya mwaka 2021 iliwapa wachangiaji wa mifuko ya masomo nafuu ya kodi ya hadi dola milioni 25 kwa mwaka. Desemba 2022, Mahakama ya Juu ya Kentucky iliibatilisha kwa kauli moja, kwani kodi iliyosamehewa kwa ajili hiyo ni pengo katika hazina, na kifungu cha 184 cha katiba hakiruhusu fedha kukusanywa kwa elimu iliyo nje ya shule za umma bila idhini ya wapiga kura. Ndipo likazaliwa wazo la kuibadili katiba yenyewe.

Dhana: Wapinzani ni wa chama kimoja, Democratic. Marekebisho hayo yalikataliwa katika kaunti zote 120, kwa asilimia 65 hivi, siku ile ile ambayo Donald Trump wa chama cha Republican alishinda jimboni humo kwa kishindo.

Dhana: Walimu wanatetea matumbo yao tu. Walimu wa Kentucky hawamo katika mfumo wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwa hiyo pensheni ya jimbo ndiyo tegemeo lao uzeeni. Machi 2018, wabunge waliuchukua muswada wa kurasa 11 kuhusu maji taka (ndiyo, maji taka), wakaugeuza kuwa muswada wa pensheni wa kurasa 291, na kuupitisha siku hiyo hiyo. Kesho yake walimu wengi walitoa taarifa kwamba wanaumwa, na shule za kaunti kadhaa zikafungwa. Mahakama ya Juu iliifuta sheria hiyo Desemba kwa sababu haikusomwa mara tatu katika siku tatu tofauti, kama katiba inavyotaka.

Dhana: Gavana atazuia. Kentucky, kura ya turufu ya gavana hutenguliwa kwa wingi wa kawaida wa wajumbe wote. Mwaka 2021 Gavana Andy Beshear aliikataa sheria ile ya nafuu ya kodi. Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 100 likampiku kwa kura 51, yaani kiwango cha chini kabisa kilichohitajika.