LSU 2019: watu watano waliotawanyika uwanja mzima

Nikiulizwa ni timu gani ya chuo iliyonifundisha zaidi mbinu za futiboli ya Marekani, jibu langu halibadiliki: LSU ya 2019, timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, kutoka Baton Rouge. Walicheza mechi 15, wakashinda zote, wakavuna pointi 726. Wengi husema ilikuwa ni vipaji tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Joe Burrow, Ja'Marr Chase, Justin Jefferson na Clyde Edwards-Helaire wote walikuwapo 2018, na mwaka huo wapinzani wao, timu ya Chuo Kikuu cha Alabama, waliwachapa 29-0 katika uwanja wao wenyewe.

Kilichobadilika ni namna walivyopangwa. Mwanzoni mwa 2019 kocha mkuu Ed Orgeron alimchukua Joe Brady, kijana ambaye hakuwa amefika miaka 30, kutoka New Orleans Saints, timu ya ligi ya kulipwa ya NFL, naye Brady akashirikiana na Steve Ensminger aliyesimamia mashambulizi.

Hesabu yao ni hii. Kila upande una watu 11. Kwa wanaoshambulia, mmoja ni kotabeki, anayerusha mpira. Watano ni ukuta wa kumkinga, na kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi. Wanabaki wapokeaji watano. Timu nyingi humweka angalau mmoja wao nyuma, karibu na kotabeki, akimbie na mpira au asaidie ukuta. LSU mara nyingi waliwatoa wote watano, wakawatandaza kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine.

Hapo ulinzi ndio unaobanwa. Ukipeleka watu sita kumvamia Burrow, kotabeki wao, mmoja atapenya, kwa sababu ukuta una watano tu. Lakini nyuma wamebaki walinzi watano kwa wapokeaji watano, kila mtu na wake, hakuna wa kuziba pengo. Ukiwarudisha nyuma, Burrow anapata nafasi ya kuchagua. Na walinzi wakishatawanyika hivyo, ni vigumu kuficha wanachokusudia. Burrow alikuwa akiwasoma kabla mpira haujaanzishwa. Mwaka 2018 pasi zake zilizofika zilikuwa chini ya asilimia 58. Mwaka 2019 zilifika asilimia 76.3, na 60 kati yake zikazaa tachidauni, yaani mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani. Akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo.

Septemba, ugenini kwa Texas, LSU walikuwa mbele 37-31, zimebaki dakika chache, wakiwa katika jaribio la tatu kati ya manne, na yadi 17 za kutafuta ili waendelee kumiliki mpira. Kocha mwoga angeagiza mtu akimbie na mpira ili saa iende. Wao wakarusha. Texas wakaja kwa nguvu zote, Burrow akasogea mbele akiwakwepa, akampa mpokeaji Jefferson, naye akamaliza yadi 61 hadi mwisho wa uwanja. Mechi ikaisha 45-38.

Lakini mtu ninayemwona kuwa ufunguo wa mfumo wote ni Edwards-Helaire, mfupi, mpana, mgumu kuangusha. Kanuni ya vyuo inasema washambuliaji wakibadilisha wachezaji, ulinzi nao hupewa nafasi ya kubadilisha. Washambuliaji wasipobadilisha, wanaweza kuharakisha mchezo, na walinzi wanabaki na watu walewale. Kwa kuwa Edwards-Helaire alijua kukimbia na mpira na pia kupokea pasi, LSU waliweza kugeuza mpangilio bila kumtoa mtu. Novemba huko Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama, alifunga tachidauni nne, tatu kwa miguu na moja kwa pasi, LSU wakaishinda Alabama 46-41 kwa mara ya kwanza tangu 2011.

Chuo Kikuu cha Auburn ndio waliokaribia kupata dawa ya mfumo huo. Waliweka watu watatu tu mbele na kurundika walinzi nyuma, na LSU wakapata pointi 23 tu, idadi yao ndogo kuliko zote msimu ule. Hata hivyo ukipunguza watu mbele umefungua njia katikati: Edwards-Helaire alikimbia yadi 136, na LSU wakashinda 23-20.

Fainali ilipigwa New Orleans tarehe 13 Januari 2020, dhidi ya Clemson iliyokuwa imeshinda mechi 29 mfululizo. Clemson walianza kwa kubadilisha sura ya ulinzi kila mara, na mwanzoni Burrow alihangaika kweli. Katika robo ya pili Clemson walikuwa mbele 17-7. Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo Clemson hawakupata nafuu: mpokeaji Chase aliachiwa mlinzi mmoja pembeni, na LSU wakaendelea kumtafuta. Alimaliza na mapokezi tisa ya yadi 221 na tachidauni mbili. Kufikia mapumziko LSU walikuwa wameongeza pointi 21 bila kujibiwa, na mechi ikaisha 42-25.