Kifungu cha Waaria: profesa anapostaafishwa kwa sababu ya ukoo

Kiswahili kinatofautisha vizuri kustaafu na kustaafishwa. Anayestaafu amefikisha umri, anaagwa kwa hotuba na zawadi, kisha anaanza kufuatilia mafao yake. Anayestaafishwa ameamuliwa na wengine. Afrika Mashariki tunaijua barua ya "kustaafishwa kwa manufaa ya umma", na kila aliyewahi kuipokea anajua maneno hayo laini yamebeba nini. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichoandikwa kwenye sheria ya Ujerumani mwaka 1933: watumishi wasio na asili ya Kiaria wastaafishwe. Neno "kufukuza" halikuhitajika.

Kifungu cha Waaria, kwa Kijerumani Arierparagraph, ni jina la jumla la sharti lolote linalomzuia mtu kupata au kushika kazi, uanachama au cheo kwa kuwa hahesabiwi kuwa Mwaria. Masharti ya namna hiyo yalikuwepo kwenye baadhi ya vyama vya Ujerumani na Austria tangu karne ya 19. Neno "Aria" lenyewe lilitoka kwa wataalamu wa lugha waliokuwa wakichunguza Kisanskriti na Kiajemi. Wenye chuki dhidi ya Wayahudi wakalichukua na kulifanya jina la damu. Lakini sharti la chama mtu huweza kulikwepa, akatafuta chama kingine. Likiingia kwenye sheria ya dola, hana pa kukimbilia isipokuwa nje ya nchi.

Hitler alipewa ukansela, yaani ukuu wa serikali, tarehe 30 Januari 1933. Miezi mitatu haijatimia, tarehe 7 Aprili, ikatoka Sheria ya Kurejesha Utumishi wa Umma wa Kitaaluma. Ukisoma jina lake utadhani inahusu vyeti na sifa za kazi. Kiini chake kilikuwa kifungu cha tatu, kile cha kustaafisha. Cha nne kiliwagusa waliotiliwa shaka kisiasa. Cha nane kilisema walioondolewa hawatalipwa pensheni kama hawajatimiza miaka kumi kazini, kwa hiyo wengi waliokuwa vijana walitoka mikono mitupu.

Kwa nini maprofesa wa tiba waliguswa haraka namna ile? Kwa sababu vyuo vikuu vya Ujerumani vilikuwa chini ya dola. Profesa alikuwa mtumishi wa serikali sawa na karani wa kodi, jina lake likiwa kwenye daftari la wizara. Hakuna aliyelazimika kuthibitisha kwamba alifundisha vibaya au aliwadhuru wagonjwa. Wizara ilipeleka fomu, na fomu iliuliza habari za wazazi, babu na bibi.

Siku nne baada ya sheria, tarehe 11 Aprili, ilitoka kanuni ya kueleza nani si Mwaria: yeyote mwenye mzazi mmoja, au hata babu au bibi mmoja tu, asiye Mwaria. Na babu huyo atajulikanaje? Kwa dini yake. Mimi kila nikifika hapa husimama. Watu waliodai kwamba jambo hili ni la damu, na kwamba sayansi imelithibitisha, hawakuwa na kipimo chochote cha damu. Ushahidi wao ulikuwa vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya ubatizo. Bingwa wa upasuaji aliyebatizwa utotoni na asiyewahi kukanyaga sinagogi aliweza kupoteza kazi kwa sababu bibi yake, aliyefariki zamani, aliandikwa Myahudi kwenye kitabu cha kijiji.

Misamaha ilikuwepo. Rais Hindenburg, jemadari wa zamani, alitaka waliopigana mstari wa mbele katika Vita Kuu ya Kwanza waachwe. Wakaachwa pia waliokuwa watumishi tangu Agosti 1914, na wale ambao baba zao au watoto wao wa kiume walifia vitani. Rudolf Nissen, daktari bingwa wa upasuaji wa kifua katika hospitali ya Charité, Berlin, aliyejeruhiwa vitani, angeweza kubaki. Aliondoka mwaka huo huo. Waliobaki walipata muda mfupi tu: sheria za Nuremberg za Septemba 1935, zilizowanyima Wayahudi uraia kamili, zilifuta misamaha, na mwaka 1938 leseni za madaktari Wayahudi zikafutwa zote. Kati ya madaktari 3,152 waliokuwa bado kazini, 709 tu waliruhusiwa kutibu Wayahudi wenzao, tena bila kuitwa madaktari. Waliitwa "wahudumu wa wagonjwa".

Sasa mtazame mtu mmoja aliyepitiwa na kifungu hiki. Philipp Schwartz alizaliwa mwaka 1894 Werschetz, mji wa eneo la Banat uliokuwa Hungaria wakati ule na leo uko Serbia. Alisomea tiba Budapest, kisha mwaka 1919 akaenda Frankfurt kwenye taasisi ya patholojia, yaani elimu ya mabadiliko ambayo magonjwa huyaleta mwilini, na huko akapanda hadi kuwa profesa. Kazi iliyompa jina ilihusu ubongo wa watoto wachanga: alichunguza maiti za watoto waliofariki na kuonyesha jinsi kuzaliwa kwenyewe kunavyoweza kupasua mishipa na kumwaga damu kichwani. Chuo Kikuu cha Frankfurt, kilichofunguliwa mwaka 1914 kwa michango ya raia wa mji huo, wengi wao Wayahudi, kilipoteza karibu theluthi ya walimu wake chini ya Wanazi.

Machi 1933, kabla hata sheria haijatiwa saini, Schwartz alivuka mpaka na kuingia Zürich, nyumbani kwa wazazi wa mkewe. Angeweza kukaa kimya na kujitafutia kazi yake mwenyewe. Yeye akaanza kuandika majina: nani ameondolewa, wapi, anafundisha nini. Kutokana na majina hayo kikazaliwa chama cha kuwasaidia wanazuoni wa Kijerumani walioko nje, chama ambacho baadaye kilihamia London na mwaka 1936 kikatoa orodha ya wanazuoni zaidi ya 1,500 waliopoteza nafasi zao. Serikali moja ilikuwa na orodha ya kuwatoa watu, na mkimbizi mmoja akatengeneza orodha ya kuwaingiza mahali.

Mlango wa kwanza mkubwa ulifunguka Uturuki. Rais wa nchi hiyo, Mustafa Kemal, alitaka chuo kikuu kipya, na mshauri wake katika jambo hilo alikuwa Albert Malche, profesa kutoka Geneva. Julai 1933 Schwartz alikwenda Ankara, akakaa na waziri wa elimu Reşit Galip na maofisa wake wakipitia nafasi moja moja: nani wa patholojia, nani wa macho, nani wa upasuaji. Alipoondoka, kazi kama thelathini zilikuwa na watu wake. Nissen alikwenda Istanbul. Joseph Igersheimer, daktari wa macho kutoka Frankfurt, naye alikwenda. Schwartz mwenyewe akapewa taasisi ya patholojia.

Lakini nafasi zile hazikuwa tupu tangu awali. Chuo cha zamani cha Istanbul, Darülfünun, kilifungwa mwisho wa Julai, na zaidi ya nusu ya walimu wake Waturuki hawakuchukuliwa kwenye chuo kipya kilichofunguliwa siku iliyofuata. Simlaumu Schwartz, kwani hakuwa yeye aliyewaondoa. Lakini naona si haki kuisimulia Istanbul kama hadithi ya ukarimu mtupu.

Wageni walifundisha kwa Kijerumani au Kifaransa, mkalimani kando akigeuza kila sentensi kuwa Kituruki. Mikataba iliwataka wajifunze Kituruki ndani ya miaka michache na waandike vitabu vya kiada. Mwaka 1941 Ujerumani iliwavua uraia Wayahudi wote walioishi nje. Kwenye hati za wakimbizi hawa Uturuki ikapiga muhuri "haymatloz", neno la Kijerumani la asiye na nchi likiwa limeandikwa kwa tahajia ya Kituruki.

Schwartz alikaa Istanbul karibu miaka ishirini, akichunguza hasa kifua kikuu. Miaka ya 1950 alihamia Marekani, akafanya kazi katika hospitali ya Warren, Pennsylvania. Mwaka 1957 aliomba kurudi Frankfurt kufundisha. Alikuwa na miaka 63. Kitivo kilikataa, na sababu iliyotolewa ilikuwa umri.

Alifariki Florida mwaka 1977. Tangu 2015 taasisi ya Alexander von Humboldt ya Ujerumani ina mpango wenye jina lake, unaowalipia watafiti waliokimbia nchi zao nafasi katika vyuo vikuu vya Ujerumani.